Mwaka wa Darasa la Nane

Barua ya mdogo wangu Wendelin ilisomwa kwanza na Emilian, mwenye steshenari iliyo karibu na stendi ya Mbinga. Sikumlaumu. Karatasi zote za mji huu hupita kwake, vyeti vya ubatizo, fomu za ushirika wa kahawa, matokeo ya mitihani, na mtu anayechapa hawezi kufumba macho. Niliona midomo yake ikitembea juu ya maneno, halafu ikasimama.

"Mwalimu," akaniambia, "kaa kwanza."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Nilikuwa nimetoka darasani moja kwa moja, bado nina chaki kwenye vidole. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yangu saa nne asubuhi kwa sababu ombi la Wendelin la kutambuliwa shahada, lililotumwa ofisi ya Dar es Salaam, tuliliandikisha kwa namba yangu. Kule Lipingo anakofundisha, ziwani, mtandao huja na kuondoka unavyotaka.

Barua ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema kwamba chuo kikuu alichosoma Wendelin nchini Malawi kinatambulika. Ya pili ilisema kwamba shahada yake ya ualimu wa sayansi, ya miaka minne, imehakikiwa na ni halali kule ilikotolewa. Nilipofika hapo nilianza kupumua. Aya ya tatu ilisema kwamba mwombaji aliingia chuo kikuu akiwa na cheti cha kidato cha nne cha Tanzania, bila kidato cha sita wala stashahada, na kwa sababu hiyo shahada yake haiwezi kulinganishwa na shahada ya kwanza ya hapa nchini. Chini palikuwa na mhuri na namba ya simu.

"Nikutolee nakala ngapi?" Emilian aliuliza kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoulizana msibani.

Nikasema mbili. Sijui kwa nini nilisema mbili.

Nilipiga ile namba nikiwa nimesimama nje, chini ya bati la duka. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya upole, na huo upole ndio ulionimaliza. Nilimweleza yote kwa kukatakata. Nikamuuliza kama Wendelin angefanya mtihani wa kidato cha sita sasa, kama mtahiniwa wa kujitegemea, halafu akatuma cheti.

"Dada yangu, kidato cha sita kinatakiwa kitangulie digrii," alisema. "Akikipata sasa kitamsaidia kuanza digrii nyingine. Hii ya kwanza hakiigusi."

Niliuliza kama ipo njia nyingine. Akasema maelekezo yote yamo kwenye barua. Nilimshukuru. Alipokwisha kukata nikamshukuru tena.

Wendelin alikuwa na mwaka mmoja na nusu akifundisha kwa kujitolea shule ya sekondari kule Lipingo. Hakukuwa na mwalimu mwingine wa fizikia pale. Mwezi ule ilikuwa imetoka nafasi ya ajira, nafasi moja, na mkuu wa shule alikuwa ameliweka jina lake juu ya mengine. Kilichobaki kilikuwa barua ya utambuzi wa shahada. Mwisho wa kupeleka majina ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, na barua ndiyo hiyo.

Lakini kilichonifanya nishindwe kula siku ile hakikuwamo kwenye barua.

Miaka sita nyuma, Wendelin alipomaliza kidato cha nne, ukoo wetu ulikaa sengu nyumbani Namswea. Sisi Wamatengo, jambo kubwa la ukoo haliamuliwi na mtu mmoja. Wakubwa hukaa pamoja, hula pamoja, na lililoamuliwa pale huwa limeamuliwa. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo aliyeshika neno alikuwa Babu Raimundi. Wendelin alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, mbali sana, Shinyanga. Wakati huohuo Mama Mdogo Violet, mdogo wake Mama, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, alikuwa ametuma salamu kwamba kule Malawi mtoto akimaliza kidato cha nne anaingia chuo kikuu, hakuna kidato cha tano wala cha sita, na kwamba chumba kipo nyumbani kwake.

Babu alichukua punje za mahindi kwenye ungo. Akaweka chini mbili za kidato cha tano na cha sita, akaongeza tatu za chuo kikuu cha hapa. Pembeni yake akapanga nne za chuo kikuu cha Malawi. Tano na nne. Kila mtu aliona.

Wendelin akasema, "Babu, nikienda huko nitawahi kuoa kwa mwaka mzima," na watu wakacheka.

Ndipo Babu akanigeukia. Nilikuwa nasoma stashahada ya ualimu wakati ule, na katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nimevuka lango la chuo.

"Haya, mchumba wangu msomi," aliniambia, maana babu kwetu humtania mjukuu wa kike kama mchumba. "Wewe ndiye unayejua. Digrii ya kule na ya hapa ni kitu kimoja?"

Mkufunzi wetu mmoja aliwahi kusema, katikati ya somo jingine kabisa, kwamba vyeti vya nje hukaguliwa tangu mzizi, yaani tangu kile ulichoingia nacho. Hakuendelea na mimi sikuuliza. Neno lile lilikuwa limekaa tu kichwani kama jiwe dogo kwenye kiatu. Nilitaka kusema: Babu, tuulize kwanza. Ni maneno matatu. Wajomba, mashangazi, bibi zangu wote walikuwa wananitazama, na Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Nikainamisha kichwa.

Kwetu binti akiulizwa mbele ya sengu akainamisha kichwa, amekubali. Ndivyo posa zinavyojibiwa.

"Amekubali," Babu alisema, na ugali ukaletwa, na maharage, na usipa, dagaa wa ziwa letu, ambao Mama alikuwa ameuleta kutoka kwao ziwani.

Siku ya pili baada ya kupata barua niliomba ruhusa shuleni kwangu nikateremka kwenda Lipingo. Nilimkuta Wendelin darasani. Alikuwa ameweka mezani chupa ya maji yenye matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja chini, na wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wamemzunguka wakipima sakafuni kwa rula mahali ambapo kila mchirizi ulianguka. Mmoja alikuwa amelowa mpaka shati. Wanafunzi humwita Achimwene, yaani kaka kwa lugha ya ng'ambo, kwa sababu siku yake ya kwanza aliwasalimu hivyo akajisahau. Aliponiona dirishani alinionyesha kwa mkono nisubiri, akaendelea kuwauliza kwa nini mchirizi wa chini unakwenda mbali kuliko wote.

Nilianza kwa mkuu wa shule, Mwalimu Dorah. Ni mama wa Bukoba aliyeletwa huku kikazi miaka tisa iliyopita, na mpaka leo anasema samaki wa ziwa hili hawana mafuta. Nilimwamkia. Alinikaribisha kwa furaha, akaniambia mdogo wangu amempa mapumziko ya moyo, maana kabla yake fizikia ilikuwa ikifundishwa na yeye mwenyewe.

"Na mimi nimesomea historia," alisema. "Watoto walikuwa wanajua mwaka aliozaliwa mvumbuzi, alichovumbua hawakijui."

Nilicheka, kisha nikampa nakala moja. Alisoma akiwa bado anatabasamu. Aliporudia mara ya pili alivua miwani. Mwishowe akaniambia kwamba asingeweza kupeleka jina bila ile barua kusema ndiyo. Mfumo wenyewe unadai namba ya utambuzi, na usipoijaza ukurasa hausogei. Wendelin angeweza kuendelea kujitolea mpaka mwalimu mwingine apangwe. Alisema "mwalimu mwingine" akitazama pembeni.

"Nikusaidie kumwambia?" aliniuliza.

Nilitikisa kichwa. Hilo moja niliweza kulikataa.

Nyuma ya ofisi ya walimu kuna ubao wa zamani ulioegemezwa ukutani, na mbele yake benchi. Kutoka pale unaona vichanja vya usipa na maji. Nilimpa Wendelin karatasi. Nilitegemea atauliza kama mimi nilivyouliza kwenye simu, kuna njia gani, nani wa kumwona. Hakuuliza. Alisoma, akakunja, akasimama mbele ya ule ubao na kipande cha chaki.

"Wenzangu niliosoma nao kule," alisema, "wakija kuomba hapa, hiki hakiwapati."

"Kwa nini?"

"Ngoja." Aliandika nane, nne, nne. "Shule ya msingi kwao ni miaka minane, dada. Wana darasa la nane. Sekondari minne, chuo minne. Kumi na sita." Chini yake akaandika saba, sita, tatu. "Hapa msingi saba, sekondari mpaka kidato cha sita ni sita, chuo mitatu. Kumi na sita." Halafu akaandika mstari wa mwisho taratibu: saba, nne, nne. Hakuandika jumla.

Nilijumlisha mimi, kimyakimya. Kumi na tano.

Nafundisha darasa la saba. Kila mwaka ninawaaga watoto wa darasa la saba, nawashika mikono mmoja mmoja, na haikunijia hata siku moja kwamba ng'ambo ya yale maji, watoto wa umri wao bado wana mwaka mmoja wa kukaa kwenye madawati yaleyale. Babu alianza kuhesabu punje kutoka pale Wendelin alipokuwa amesimama. Hakuna aliyerudi chini kuhesabu tangu mwanzo. Ule mwaka tuliofurahi kwamba tumeuokoa ndio huo ambao ofisi ilikuwa ikiuulizia.

"Mwaka mmoja," Wendelin alisema. "Nisingekataa kuurudisha. Ningekaa na watoto wa darasa la nane mwaka mzima, magoti yamegonga dawati."

Nikamweleza alichosema yule mwanamke wa simu, kwamba kinachokuja nyuma hakihesabiwi. Alisikiliza akifuta chaki kwenye vidole. Kule Malawi, alisema, wangemwajiri kama angekuwa raia wao. Walimwambia hivyo. Akarudi kwa sababu si raia wao, na kwa sababu Mama alikuwa akimwuliza kila Jumapili atarudi lini.

Kisha akanigeukia.

"Dada, siku ile ya sengu, ulikuwa unajua?"

Niliona ningeweza kusema hapana, na isingekuwa uongo mzima.

"Sikujua," nilisema. "Nilikuwa na wasiwasi. Kuna kitu nilikuwa nimekisikia."

"Na ukainama."

"Nikainama."

Alicheka kidogo, bila sauti. "Nilikuwa nakutazama mimi. Nikadhani unaona aibu kwa sababu nimetaja kuoa."

Kengele iligongwa. Alikuwa na kipindi cha kidato cha tatu. Alitia barua kwenye mfuko wa shati, pamoja na chaki, akaenda. Hakuwa amenikasirikia, na ningeona nafuu kama angekasirika. Nilibaki pale benchini nikizitazama zile safu tatu za namba mpaka Mwalimu Dorah alipotoka, akazisoma, akachukua dasta akafuta.

Jumapili baada ya misa tulikaa tena sengu Namswea. Wendelin hakuja, alisema ana daftari za kusahihisha. Babu Raimundi siku hizi haoni vizuri, lakini aliomba ungo wa mahindi, akataka nimpangie. Nilipanga punje tangu darasa la kwanza. Safu tatu. Alizipapasa kwa kidole kimoja, ya kwanza, ya pili, na alipofika mwisho wa safu ya Wendelin kidole kiliendelea kutafuta kwenye udongo mtupu.

"Imeanguka moja," alisema.

"Haijaanguka, Babu. Haikuwapo."

Walizungumza sana. Mjomba mmoja alitaka kujua kwa nini nchi mbili zinazokunywa ziwa moja zisihesabu madarasa kwa namna moja. Mwingine aliuliza kama Wendelin hawezi kuandika kwamba alisoma darasa la nane. Mama alikuwa analia bila kujificha. Mwishoni Babu akanigeukia, kama nilivyojua atafanya.

"Mchumba, wewe ulituhakikishia. Sasa tuambie, tunatokaje?"

Shingo yangu ilianza kuinama yenyewe. Niliizuia. Nilishika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili.

"Babu, siku ile sikukubali."

"Uliinama," Babu alisema.

"Niliinama kwa woga. Nilitaka kusema tuulize kwanza, nikashindwa."

"Heh," akasema Bibi Bonifasia kutoka kwenye mkeka. "Kama kuinama si kukubali, basi na ndoa zetu humu zirudiwe." Wachache wakacheka, na yeye mwenyewe akaacha haraka alipoona uso wa Babu.

Babu hakunigombeza. Alikaa akizungusha punje moja kati ya vidole, halafu akasema kwamba basi kosa si la mtoto. Kosa ni la sengu, ambayo haikusubiri neno. Akaniagiza niliandike hivyo. Nichukue karatasi niandike kwa hao wa Dar es Salaam kwamba kijana hakuchagua njia yake, aliamuliwa, na waliomwamua wapo, wana majina, na wanakubali kosa lao.

Nilielewa alichokuwa anakitaka. Kwetu sengu ikikubali kosa mbele ya watu, aliyeumizwa na kosa hilo huachiwa. Nimeona mashamba yakirudishwa hivyo, na watu waliokuwa hawasemezani wakila sahani moja. Nilijaribu kumweleza kwamba ofisi haitafuti mwenye kosa, inatafuta cheti.

"Hao wa ofisini hawana ukoo?" aliuliza.

Niliandika. Niliandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, mkubwa na wa kusomeka, nusu saa nzima, huku wakinikosoa. Babu alitaka iandikwe pia kwamba Wendelin ni mtoto mtiifu, na kwamba alikuwa akishika namba moja darasa la tatu. Niliandika na hilo. Wanaojua kuandika walitia sahihi. Wasiojua walibonyeza dole gumba kwenye pedi ya wino ya katibu wa kigango. Nilihesabu madole kumi na moja. La Mama lilipaka kidogo kwa sababu mkono ulikuwa umelowa.

Jumatatu wakati wa mapumziko ya mchana niliipeleka kwa Emilian. Aliiskani bila kuniuliza kitu, ingawa niliona midomo ikitembea tena. Akafungua akaunti ya Wendelin, akashuka ukurasa, akapanda, akashuka tena.

"Mwalimu, hapa hakuna pa kuweka barua ya maelezo," alisema. "Sehemu zote zimejaa. Iliyo wazi ni moja tu."

Nilisogea nitazame. Iliyokuwa wazi iliandikwa: Cheti cha kidato cha sita.

Emilian alisubiri. Nyuma yangu alikuwapo mtu mwenye fomu za pembejeo, naye akasubiri. Nilifikiria madole kumi na moja, na Babu ambaye angeniuliza kila Jumapili kama wamejibu.

"Weka hapo," nilisema.

Aliweka. Mstari ulijaa taratibu kutoka kushoto, ukasimama katikati, ukaendelea. Ikatokea alama ya kijani na maneno kwamba faili limepokelewa. Emilian aliniangalia kwa matumaini, kama mtu aliyetegua mtego. Mimi nilijua kwamba mashine imepokea karatasi tu, kama ambavyo ingepokea picha ya mbuzi.

Nikiwa bado mlangoni simu iliita. Wendelin alikuwa amepanda kwenye mwamba ule wanaopandia kutafuta mtandao, nilisikia upepo. Mama alikuwa amemsimulia kuhusu barua ya sengu.

"Eti na darasa la tatu limo?" aliuliza.

"Limo."

"Nilikuwa wa pili, dada. Wa kwanza alikuwa Mansuetus."

Tukacheka wote wawili, na kicheko kikaisha upande wake kabla hakijaisha kwangu.

"Watakubali?" aliniuliza.

Kichwa changu kilikuwa kimeinama. Nilikuwa natazama viatu vyangu, na vumbi jekundu, na punje ya mahindi iliyokuwa imedondoka kutoka kwenye gunia la mtu. Hakuwa akiniona, lakini alingoja namna ileile waliyongoja wote siku ile.

"Hapana, Wendelin," nilisema. "Sidhani kama watakubali."

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Haya," alisema. "Asante, dada." Kisha akasema inabidi ashuke, kidato cha pili wanamsubiri na matundu yao ya chupa, na leo alikuwa amewaahidi kuwaambia kwa nini.